Mahali pa Gari

Mwezi wa sita. Masika yametuaga,
matope yake yanashika ukoko.
Alfajiri Makorora inaamka na shuka mabegani;
ukifungua bomba, maji yanauma vidole.
Kipupwe kimeingia Tanga, tunasema,
ingawa mtu wa Lushoto angetucheka:
hii nayo mnaiita baridi?

Ni baridi yetu. Inatosha
kumfanya Nyange anywe chai ya pili
kabla hajasema neno.
Leo, baada ya hiyo ya pili, akasema:
"Sururu iko wapi?"

Sikumjibu haraka.
Miaka ishirini na miwili tumekizunguka kipande kile,
hatua tatu kwa sita, kando ya lango,
kokoto zimemwagwa, zikashindiliwa,
na tone la mafuta halijawahi kudondoka juu yake.
Mahali pa gari.
Watoto walikatazwa kucheza rede hapo.
Mimi nilikatazwa kuanika makopa.
Hata kamba ya nguo iliambiwa ipite mbali
isije ikakwaruza rangi,
rangi tuliyoigombania usiku kucha:
yeye bluu, mimi nyeupe.

Pigo la kwanza lilitoa cheche.
La pili jiwe. La tatu kifuniko cha soda
na gololi ya Zuhura,
ushahidi kwamba marufuku haikushika.
Halafu, chini ya kokoto, chini ya kifusi,
udongo.
Mweusi, wa baridi, umelala tu
kama mgeni aliyesahauliwa chumba cha uani,
na hana hata kinyongo.

Nikavua ndala.

Samadi tulimwomba Mama Sechonge mwenye mbuzi;
alitupa viroba viwili, kwa sharti la mchicha.
Magunia ya katani tuliyalowesha, tukafunika,
maana kipupwe asubuhi kinabembeleza,
ikifika saa saba kinasahau ahadi.
Matuta niliyachora kwa mpini wa mwiko.
Mchicha huku. Bamia kule.
Mnavu nikauachia pembe, ujiotee,
haupendi kuamrishwa.
Vikonyo vya matembele nilivichomeka mshazari
kama mama alivyonifundisha Muheza:
"Kilaze kidogo. Kitaamka chenyewe."
Nyange akataka nyanya. Akanunua miche sokoni,
akapewa tuta lake,
akaliita maegesho.

Siku ya tatu wakaja kuku wa jirani.
Tukazungushia chandarua kikuukuu;
mbu walishakishinda,
kuku hawakukiweza.

Siku ya nne, hakuna kitu.
Siku ya tano Nyange kapiga magoti, miwani kwenye paji,
ananiita kwa sauti ya mtu
anayeogopa kumwamsha mtoto.
Niliinama. Sikuona. Nikainama zaidi:
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa cherehani,
umeshona tuta kutoka ukuta hadi lango.

Mchumo wa kwanza ulikuwa wa Mama Sechonge, deni ni deni.
Wa pili tuliupika kwa tui zito,
tukaulia pale pale, juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa,
upepo wa kusi ukipoza ugali
kabla ya kufika mdomoni.

Mwezi wa nane Zuhura akaja na mumewe,
na gari. La kweli. Bluu.
Likapiga honi mara moja, kwa adabu.
Mkwe akachungulia langoni:
"Baba, niliingize wapi?"
Nyange akafuta mikono kwenye kikoi.
Akaliangalia gari, kwa muda.
Akaziangalia nyanya, zile tatu
zilizoanza kuona haya.
"Liache barabarani," akasema. "Hapa pana wenyewe."

Saa tisa usiku nikasikia komeo.
Nikajua: moyo umemshinda,
amekwenda kuligusa bodi.
Nikajifunga kanga mbili, nikamfuata.

Alikuwa amechuchumaa kwenye umande,
tochi mdomoni,
anaokota konokono mmoja mmoja
na kuwarusha juu ya ukuta,
upande wa gari.